Jikoni mwa Waislamu wa Xi'an



Ndugu na dada zangu, vijana wetu wa Pwani siku hizi wanakwenda China kwa masomo na kwa biashara, na swali la kwanza la mama kabla ya kufunga begi la mwanawe halihusu karo wala baridi. Huuliza: atakula nini huko? Wengi hudhani nchi nzima ile ni nguruwe na pombe, basi humfungia mtoto unga na dagaa wa kumfikisha mwezi. Juma hili natutazame mji mmoja tu, Xi'an, ulio mji mkuu wa jimbo la Shaanxi, kwani Waislamu wa huko walilijibu swali hilo karne nyingi kabla yetu.

Xi'an ndio Chang'an ya zamani, makao ya wafalme wa Tang na mwanzo wa njia ya misafara ya hariri iliyoelekea nchi za Waajemi na Waarabu. Wafanyabiashara Waislamu walifika kwa njia hiyo, wakaoa, wakazaa, wakakaa. Kizazi chao huitwa Wahui. Sura zao ni za Kichina, lugha yao ni Kichina, na mtaa wao mpaka leo umo ndani ya kuta za mji wa kale, karibu na Mnara wa Ngoma. Msikiti wao mkuu hauna kuba. Una mapaa ya vigae yaliyopinda na nyua zinazofuatana, na mgeni huenda akaudhania hekalu hadi atakapoingia ndani na kuziona aya za Qur'ani zilizochongwa kwenye mbao za kuta. Wala watu hawa hawako mbali nasi kama tunavyofikiri. Zheng He, amiri ambaye majahazi yake yalifika Malindi, alikuwa wa asili hiyo hiyo ya Kihui, na jiwe la maandishi katika msikiti mmoja wa Xi'an laeleza kuwa mwaka 1413 alikwenda humo kumchukua imamu aitwaye Hasan awe mkalimani wake.

Watu walioacha lugha ya mababu na kuvaa kama majirani zao, ni nini kilichowabainisha kila siku, asubuhi na jioni? Ni chakula. Wao husema *qingzhen*, maana yake safi na ya kweli. Neno hilo ndilo huandikwa juu ya mlango wa mkahawa wa halali, na neno hilo hilo ndilo jina la msikiti, *qingzhensi*. Kwao nyumba ya ibada na chungu cha supu vimepewa jina moja, na mimi naona wamefahamu jambo ambalo sisi, tuliozungukwa na halali pande zote, tumeanza kulichukulia kwa wepesi.

Chakula chao mashuhuri ni *yangrou paomo*. Kwanza jueni kwamba Xi'an ni nchi ya ngano, si ya wali. Mteja huletewa bakuli tupu na mkate mmoja au miwili, mikavu, migumu, iliyochachuliwa kidogo tu. Kazi ya kuuvunja ni yake mwenyewe, kwa vidole vilivyooshwa, mpaka vipande viwe vidogo kama punje za kunde. Hapana haraka, watu huvunja huku wakizungumza, wazee huweza kuimaliza robo saa nzima. Kisha bakuli hurudi jikoni na kibao cha namba, lisije likaenda kwa mtu mwingine. Mpishi huutia mkate ule katika supu ya kondoo iliyochemka kwa saa nyingi, akaongeza nyama, tambi nyembamba za wanga zinazong'aa kama kioo, uyoga mweusi na majani ya kitunguu. Huletwa mezani pamoja na dania, pilipili ya kupondwa, na vitunguu thomu vilivyolowekwa katika siki na sukari. (Anayetoka hapo kwenda jamaa na asukutue vizuri.) Wenyeji hawakorogi bakuli. Huanzia ukingoni wakala polepole kuelekea katikati, ili ukali wa moto usipotee. Na supu ina vipimo vyake: yuko apendaye ikauke, yuko ambaye humbakizia funda moja la mwisho, na yuko aagizaye "maji yauzunguke mji", yaani mkate ukae katikati kama Xi'an yenyewe iliyozungukwa na handaki la maji.

Msomaji aliyesoma sira ameshatambua. Mkate uliovunjwa ukatiwa katika mchuzi wa nyama ni tharidi, chakula alichokipenda Mtume wetu (s.a.w.), hata akaufananisha ubora wa Bibi Aisha (r.a.) juu ya wanawake na ubora wa tharidi juu ya vyakula vingine. Sisemi kwamba mpishi wa Xi'an aliipokea kutoka Madina. Nasema tu kwamba mtoto wetu akikaa mbele ya bakuli lile hatakuwa mgeni sana.

Sasa nifike kwenye tahadhari. Chakula kingine maarufu cha mji huo ni *roujiamo*, mkate wa duara uliopasuliwa na kujazwa nyama iliyokatwakatwa. Katika mtaa wa Waislamu nyama hiyo ni ya ng'ombe, iliyotiwa chumvi ikapikwa na viungo hadi ikalainika. Nje ya mtaa huo, mkate wenye sura ile ile na jina lile lile kwa kawaida hujazwa nguruwe. Basi jina la chakula halitoshi. Mlango wa duka ndio shahidi. Tena katika miaka ya karibuni, katika miji kadhaa ya China, maandishi ya Kiarabu yameondolewa kwenye mabango ya mikahawa. Kijana aliyezoea kutafuta neno "halali" kwa herufi za Kiarabu huenda asilione. Na ajifunze herufi mbili hizi, aziandike katika simu yake kabla hajapanda ndege: 清真. Asipoziona, aulize. Asijitulize kwamba ameagiza mboga tu, kwani mafuta ya kukaangia huweza kuwa ya nguruwe, na divai ya mchele hutiwa hata kwenye samaki kuondoa shombo. Sisi Mashafii twajua chombo kilichopikiwa nguruwe huoshwa mara ngapi, na hakuna mpishi wa barabarani atakayeosha mara saba kwa ajili ya mteja mmoja.

Akishaingia mtaani, moyo na utulie. Barabara ya Beiyuanmen imejaa watalii na kelele. Vichochoro vya kando, kama Sajinqiao, ndiko wanakokula wenyewe. Asubuhi huuzwa supu nzito yenye vidonge vya nyama ya ng'ombe, viazi na kabichi, na pilipili ya Sichuan isiyowasha bali hutia ulimi ganzi. Wakati wa joto kuna *liangpi*, tambi pana baridi zenye siki na mafuta ya pilipili. Mishikaki ya kondoo hunyunyiziwa bizari nyembamba, ile ile ya pilau yetu, na harufu yake jioni haihitaji mkalimani. Vileo mikahawa mingi ya humo haiuzi. Kiu hukatwa kwa sharubati ya plamu kali iliyopozwa. Wapenda tamu watapata vitumbua bapa vya unga uliokandwa na tunda la persimoni, vikajazwa sukari na kokwa, vikakaangwa.

Nami ningemwelekeza mgeni kwa muuzaji wa *zenggao*: mchele unaonata, kunazi nyekundu na maharagwe, tabaka juu ya tabaka katika chungu kikubwa cha mvuke kilichokaa motoni usiku kucha. Hukatwa kwa kisu asubuhi, kingali moto, na kunazi zimekwisha kuyeyuka zikautia wali rangi ya damu ya mzee. Sukari haihitajiki.