Matofali bila plasta si aibu

Ukijenga nyumba ya matofali Kitale ama Bungoma na uiache bila plasta, jiandae kwa swali moja: "Unamaliza lini?" Kwetu ukuta usiopakwa rangi ni ushahidi kwamba pesa ziliisha. Mimi nasema hiyo dhana inatugharimu.

Kuna mtindo mzima wa usanifu usioficha kitu. Unaitwa brutalizimu, na usidhani jina linatokana na ukatili. Linatoka kwa maneno ya Kifaransa béton brut, yaani zege ghafi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya ilikuwa na watu wengi wasio na makao, na chuma kilikuwa haba. Le Corbusier akajenga jumba kubwa la makazi mjini Marseille, Ufaransa, lililokamilika 1952. Zege lake liliachwa wazi, pamoja na alama za mbao zilizolishika likikauka. Wengine wakafanya vivyo hivyo na matofali.

Hapa Kenya, hebu tazama KICC jijini Nairobi. Ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya mwenzetu, ikajengwa kati ya 1967 na 1973. Orofa 28, na zege halijifichi. Kuna mtu huuliza itamalizwa lini? Tena iko kwenye noti za mfukoni mwako.

Sasa linganisha na majengo yanayochipuka mijini mwetu: vioo vya buluu mbele, jua la saa nane likipiga, walio ndani wanatoa jasho huku feni ikizunguka. Kioo hicho kimetoka mbali. Tofali limetoka kwa udongo wa jirani, na vijana wanaolifyatua ni wenzetu.

Najua utaniambia tanuri za matofali zinamaliza miti. Ni kweli, na tukiumaliza msitu wa Mlima Elgon tutakosa maji pia. Lakini yapo matofali ya kushindilia kwa mashine: udongo, simiti kidogo, hayachomwi. Mengine yametengenezwa yashikane yenyewe, kwa hivyo hata simiti ya kuyaunganisha inapungua. Mvua je? Toa paa nje zaidi ili maji yasipige ukuta.

Kwa hivyo kama unaweka akiba ya kujenga, tafuta fundi anayepanga matofali vizuri tangu mstari wa kwanza, maana hakutakuwa na plasta ya kufunika uzembe wake. Pesa za plasta na rangi ziende kwa paa pana na madirisha ya kupitisha hewa. Na kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu soko ama ofisi mpya, usibaki nyumbani. Enda uulize: udongo wetu na mafundi wetu wako wapi kwenye hii ramani?