Milima ya Habasha Haikuwa Gereza

Bwana aliyeandika kwamba milima ya Habasha iliwatenga wenyeji wake na ulimwengu amesema lisilo na dalili, na sarafu zenyewe zamkadhibisha. Na azitazame dinari za Ezana, mfalme wa Aksum huko Habasha katika karne ya 4, ambazo uso wake umezungukwa na masuke mawili ya nafaka: za mwanzo zina mwezi mwandamo utosini, za baadaye zina msalaba, na maandishi yake ni ya Kiyunani, lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu. Tena katika milima hiyo, huko Debre Damo, makao ya watawa juu ya jabali lipandwalo kwa kamba hata leo, mwaka 1940 zilivumbuliwa sarafu za dhahabu zaidi ya 100 za wafalme wa Kushani, waliotawala kaskazini ya Bara Hindi. Dai lake ni batili, na insafu yamtaka alitangue.