Wasanifu majengo waletwe vijijini mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mafunzo ya usanifu majengo.

Wananchi wengi hudhani kuwa kijana anayeingia Chuo Kikuu Ardhi kusomea fani hiyo huanza mara moja kuchora maghorofa. Kwa kweli miaka ya mwanzo ni ya kuzoeza mkono na jicho. Mwanafunzi huchora kwa penseli na rula, hupima majengo yaliyopo na kuyaweka kwenye karatasi kwa kipimo, na hutengeneza mifano midogo ya majengo kwa karatasi ngumu. Hufundishwa pia njia ya jua, upepo na maji ya mvua. Kisha hubandika kazi yake mbele ya walimu na wenzake, akaitetea.

Elimu hii ina manufaa makubwa. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliwekewa paa la mfano wa miavuli iliyogeuzwa, ili kukinga maji ya mvua.

Lakini tutazame vijijini. Madarasa mengi hujengwa kwa nguvu za wananchi na fundi wa hapo hapo. Utakuta madirisha yanaelekea mashariki na magharibi, jua linawapiga watoto machoni asubuhi na kuwachoma tena jioni. Bati halina dari. Mvua ikinyesha mwalimu hasikiki na kipindi kinapotea. Kuamua madirisha yaelekee kaskazini na kusini kabla ya kuchimba msingi hakugharimu hata senti moja. Wazee wetu waliojenga tembe walijua kuwa paa la udongo huzuia joto la mchana.

Hivyo nashauri wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili waletwe vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Wapime shule zetu, wakae darasani saa nane mchana, wazungumze na mafundi. Fundi atafaidika na elimu ya jua na upepo, na mwanafunzi atajifunza udongo, miti na uwezo wa mfuko wa mwanakijiji.

Wakingoja hadi wahitimu, watakuwa wamekwisha kuzoea mjini. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Manyoni, Singida.