Mikasi midogo inayoujenga mwili wako

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri na kupikwa adhuhuri huwa ngumu kama kandambili, ilhali ile iliyolala siku mbili tatu kwenye friji huwa laini hata babu asiye na magego akaifurahia? Wengi wetu humlaumu mwenye bucha kwamba ametuuzia ng'ombe mzee. Umri una sehemu yake, lakini ipo sababu nyingine iliyo ndani ya nyama yenyewe. Na ajabu ni kwamba sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa zile zilizokuwezesha kukua kutoka seli moja tumboni mwa mama yako hadi ukawa mtu mzima.

Sababu yenyewe ni vimeng'enya vinavyoitwa kalpaini. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini. Vile vilivyomo katika mate, kwa mfano, huanza kuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Kalpaini nazo kazi yao ni kukata protini nyingine. Jina lao limeunganishwa kutokana na kalisiamu, yale madini ya maziwa na mifupa, na papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai bichi. Mama anayepaka nyama papai bichi kabla ya kuichoma anaitumia papaini hiyo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Habari za kalpaini zilianza kujulikana mwaka 1964, mtafiti Gordon Guroff wa Marekani alipokikuta kimeng'enya cha aina hii katika ubongo wa panya. Tangu hapo wataalamu wamegundua aina kadhaa za kalpaini katika mwili wa binadamu.

Usidhani kwamba mikasi hii hukata ovyo. Msimamizi wake ni kalisiamu. Ndani ya seli iliyotulia, kalisiamu ni kidogo mno, yapata mara 10,000 chini ya ile iliyo nje ya seli. Seli ikipata ishara kwamba kuna kazi, milango yake midogo hufunguka, kalisiamu kidogo ikaingia, na mikasi ikafunguka. Tena kuna mlinzi, protini iitwayo kalpastatini, ambaye huishika mikasi hiyo isipite kiasi. Hata inapokata, kalpaini haisagi protini ikawa unga. Huikata mahali maalumu tu, ili ibadilishe kazi au iachilie kitu ilichokuwa imekishikilia. Kalpaini ni fundi wa cherehani, si mchwa.

Sasa, kukata kunahusianaje na kukua? Chukua mfano wa mtoto aliyejikwaruza goti. Ili kidonda kifunge, seli za ngozi zilizo kandokando hutambaa kuelekea katikati. Lakini seli hizo zimejishikiza mahali pake kwa kamba za protini, na isipokatwa kamba ya nyuma, seli haiwezi kupiga hatua ya mbele. Kalpaini husaidia kuikata. Vivyo hivyo, misuli ya mtoto inapoundwa, seli nyingi changa huungana zikawa uzi mmoja mrefu, na hapo pia kalpaini zina kazi. Mwaka 2000 watafiti walieleza kwamba panya walionyimwa sehemu moja inayotumiwa na kalpaini mbili kuu walikufa wakiwa bado tumboni. Bila mikasi, nguo haishoneki.

Turudi jikoni. Mnyama anapochinjwa, seli zake hukosa nguvu ya kuisukuma kalisiamu nje. Kalisiamu hujaa ndani, nyama ikakakamaa, na kalpaini zikaanza kuzikata polepole nyuzi za misuli. Ndiyo maana nyama hulainika baada ya siku kadhaa. Ng'ombe wetu wenye nundu aghalabu wana nyama ngumu kuliko ng'ombe wa asili ya Ulaya, na sababu moja kubwa ni kwamba wana kalpastatini nyingi, yaani mlinzi wao ni mkali. Basi ukiwa na friji, iache nyama mahali pa baridi kwa siku mbili hivi kabla ya kuipika. Usiigandishe kwanza, kwa kuwa barafu huisimamisha kazi hiyo. Usiye na friji, ipike siku hiyo hiyo kwa moto wa polepole, au tumia papai. Usiiache kwenye joto ukingoje ilainike, kwani itakayokutangulia ni bakteria.

Lakini jambo linalonifanya niandike haya si nyama. Misuli ina kalpaini yake maalumu, ile ya tatu. Mwaka 1995 Isabelle Richard, Jacques Beckmann na wenzao nchini Ufaransa walitangaza kwamba hitilafu katika jeni ya kalpaini hiyo huleta ugonjwa wa kudhoofika misuli ya nyonga na mabega. Baadhi ya familia walizozichunguza zilitoka kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu hii ya Hindi.

Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 8 na 15. Mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kuachwa nyuma na wenzake. Hutembea kwa vidole, na akitaka kuinuka kutoka chini hujishika mapaja. Miaka inavyosonga, huenda akahitaji kiti cha magurudumu. Akili yake ni timamu, na moyo kwa kawaida hauguswi.

Mzazi mwenzangu, mtoto wa namna hii si mvivu, wala hakurogwa. Wala usikubali mama yake anyoshewe kidole. Ili mtoto augue, kwa kawaida ni lazima arithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, na wote wawili huwa wazima kabisa. Kwa wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Hatari huongezeka watu wa damu moja wanapooana.

Mpeleke mtoto hospitalini. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inavunjika, na kingine cha jeni kinachothibitisha chanzo chake. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana, lakini mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, chini ya mtaalamu, humsaidia. Usimlazimishe kukimbia akidhaniwa atapata nguvu, kwani misuli hiyo huumia zaidi. Na mwalimu wake aelezwe mapema, asije akamwadhibu kwa kuchelewa paredi.

Hadi Jumapili ijayo, mtazame vyema mwanao anapoinuka mkekani.