Mwacheni Acheze

Ndugu zangu wa Riyadh na Jeddah, mwezi wa kukabidhi mradi kazi hubana. Kijana akitoka zamu, akacheza gemu kwenye simu nusu saa kabla ya kulala, tunamsimanga: "Mtu mzima na mambo ya kitoto!" Lakini mwaka 2024 Riyadh ilipoandaa Kombe la Dunia la Esports, zawadi zikapita dola milioni 60, sisi sisi tuliita maendeleo. Kwani mchezo huwa halali kwa fedha tu? Sheria ya Saudia imeweka saa nane za kazi kwa siku, sita kwa Mwislamu katika Ramadhani. Mimi mhandisi nasema: hata jenereta huzimwa ipoe. Kabla ya kumkemea, muulizeni kama amelipwa ovataimu yake.