Bei ya Dawa ya Uzazi

Ndugu msomaji, wewe baba ambaye mke wako ana mimba, neno hili ni lako. Siku zinapokaribia unapewa karatasi ya vitu vya kununua, na ndani yake imo oksitosini. Basi unazunguka kwenye farmasi za Kapata. Mmoja anataja bei yake, wa pili anapunguza kidogo, wa tatu, mwenye meza kando ya njia, anauza kwa nusu. Unafurahi. Sikulaumu: fedha ya mchimbaji hutoka chini ya udongo kwa taabu, na si dhambi kuitunza. Lakini nasema umelinganisha vitu visivyo sawa.

Oksitosini ni nini? Mwili wa mama wenyewe huitengeneza, ili tumbo la uzazi lijikaze. Ni kitu kidogo sana, mfano wa mkufu wa shanga 9. Mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, pamoja na wenzake, walifaulu kuziunga shanga hizo katika maabara, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Mama akiisha kuzaa huchomwa sindano ya yuniti 10, tumbo hujikaza, na mishipa ya damu hubanwa. Tumbo lisipojikaza, mama aweza kumwaga damu mpaka kufa, kabla hujapata gari.

Sasa, mkufu huu hukatika kwa joto. Yapasa ukae katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Dawa iliyopigwa na jua yaweza kuonekana nzuri kabisa, kichupa kimejaa, maji yake safi; nguvu tu ndiyo imepungua. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuzidisha bei. Huyu wa kando ya njia amepunguza bei, kweli, lakini kipimo amekipunguza zaidi, na pengine mwenyewe hajui.

Wala usifikiri bei kubwa ni ushuhuda. Umeme ukikatika, frigo ya tajiri hunyamaza kama ya maskini. Kwa hiyo, kabla ya bei, sema: Baba, nionyeshe frigo yako, umeme ukikosa, unafanyaje? Akikasirika, umekwisha kujibiwa.

Tena usiinunue mapema na kuilaza katika sanduku pamoja na nguo za mtoto. Ipeleke upesi ikawekwe katika frigo ya hospitali, ndani ya chombo cha baridi, isigandе wala kugusa barafu. Ikiwa hakuna baridi ya kutegemea, muulize munganga habari za karbetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2018. Na mtu akikuambia kuchoma sindano hii nyumbani ili kuharakisha uchungu, mkimbie, maana tumbo la uzazi laweza kupasuka.

Nanyi mama wa kanisa, sanduku moja la baridi, likitunzwa kwa zamu, lingefaa mtaa wenu kuliko kitambaa kipya cha sikukuu.