Elimu ya Awali ya Mwaka Mmoja: Nafasi ya Nyumbani katika Sera Mpya ya Elimu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangu Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alipozindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, jijini Dodoma Februari 1, 2025, mjadala wa wananchi umejikita zaidi katika elimu ya amali, kupungua kwa miaka ya elimu ya msingi, na wanafunzi wa Darasa la Sita na la Saba wanaotarajiwa kuhitimu pamoja mwaka 2027. Kipindi kinachotangulia yote hayo kimezungumzwa kwa uchache, nacho ni miaka ambayo mtoto huishi nyumbani kabla ya kukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la awali.

Katika mfumo huu mpya kwa upande wa Tanzania Bara, elimu ya awali hutolewa kwa mwaka mmoja na mtoto huanza Darasa la Kwanza akiwa na umri wa miaka sita. Elimu ya lazima ni ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Elimu ya msingi iliyokuwa ya miaka saba imepungua kwa mwaka mmoja, hivyo muda wa kurekebisha upungufu wa mwanzo nao umepungua. Mtoto anayeingia darasani akiwa hajazoea kusikiliza maelekezo, kusimulia jambo au kuhesabu vitu vichache, atatumia sehemu ya mwaka huo mmoja kujifunza yale ambayo wenzake walikuja nayo kutoka nyumbani.

Hesabu rahisi inatosha kuonesha uzito wa suala hili. Mwaka wa masomo una siku 194, na mtoto wa awali hukaa darasani saa chache tu kwa siku. Kufikia umri wa miaka mitano, mtoto huyo ameshaishi zaidi ya siku 1,800 mikononi mwa wazazi na walezi. Hata darasa liwe zuri kiasi gani, siku 194 haziwezi kufidia siku 1,800 zilizopita bila mazungumzo, bila hadithi na bila mchezo.

Serikali imelitambua jambo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa utekelezaji wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inamtazama mtoto tangu tumboni hadi umri wa miaka minane na imejengwa juu ya maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Eneo hili la mwisho ndilo ambalo wazazi wengi huliacha wakiamini kuwa ni kazi ya mwalimu peke yake. Hata hivyo, Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009 inamtaja mzazi moja kwa moja. Pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu, sheria hiyo inampa mtoto haki ya elimu na maongozi, na inakwenda mbali zaidi kwa kutaja haki ya kucheza na kupumzika.

Kutajwa kwa mchezo ndani ya sheria kuna maana kubwa, kwa sababu kosa linaloonekana sasa katika kaya nyingi za mijini ni kubebesha watoto masomo mazito mapema mno. Imejengeka dhana kwamba mtoto aliyeandaliwa vyema ni yule anayetaja herufi zote na kuhesabu hadi mia moja kabla hajavaa sare. Mtoto wa miaka mitatu hukalishwa mezani na penseli, akifokewa kwa sababu mstari wake umepinda. Wakati huohuo, mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka umahiri wa aina sita, yaani kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaohitaji mtoto wa miaka mitatu kukaa mezani akinakili herufi.

Kwa mantiki hiyo, mzazi anayetaka kumfundisha mtoto nyumbani hana haja ya ubao wala chaki. Tuanze na hesabu. Mtoto anayeimba namba moja hadi ishirini, lakini akiagizwa vikombe vitatu analeta vyote vilivyopo, anaujua wimbo na bado hajajua kuhesabu. Atakayejua ni yule anayepewa kazi ndogo za kila siku: kugawa vijiko kulingana na idadi ya watu wanaokula, kupanga viatu jozi kwa jozi, kutenga nyanya kubwa na ndogo, au kueleza ni ndoo ipi ina maji mengi zaidi. Mama lishe anayepanga sahani zake na mkulima anayechambua mbegu wanaweza kutoa somo hili bila kusimamisha kazi.

Kuhusu kuandika, maandalizi huanzia kwenye misuli ya vidole. Kuchambua maharage, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati na kuchora mchangani kwa kijiti ni mazoezi kamili. Mtoto aliyeyafanya kwa mwaka mzima atashika penseli kwa wepesi pale mwalimu atakapompa. Aliyelazimishwa mapema huweza kufika shuleni akiwa ameshaichukia penseli yenyewe.

Kusoma kunahitaji uangalifu wa pekee. Tangu kuanza kwa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, mwaka 2015, ufundishaji katika Darasa la Kwanza na la Pili umetilia mkazo sauti za herufi na silabi. Kiswahili kina bahati katika hili, kwani irabu zake tano hubaki na sauti zilezile karibu katika kila neno. Mzazi anayemkaririsha mtoto majina ya herufi za Kiingereza humjengea kikwazo bila kukusudia. Mtoto aliyeambiwa kuwa herufi “e” inaitwa “ii”, na herufi “i” inaitwa “ai”, atalikuta neno “embe” na kulisoma “imbi”. Ni bora mtoto afike shuleni akijua kwamba “mama”, “maji” na “macho” huanza kwa sauti moja, hata kama hajawahi kuiona herufi “m” katika maandishi.

Suala la lugha linagusa pia kaya ambazo Kiswahili siyo lugha ya kwanza. Baadhi ya wazazi wanaozungumza Kisukuma, Kimaasai, Kigogo au Kiiraqw huacha kuzungumza na watoto wao kwa lugha hizo wakihofia kuwachelewesha. Matokeo yake, mtoto huelezwa mambo kwa lugha ambayo mzazi mwenyewe haimudu, na mazungumzo hugeuka amri fupi fupi: njoo, kaa, acha. Mtoto aliyesimuliwa hadithi ndefu na bibi yake kwa lugha ya nyumbani huwa ameshajifunza kufuata mtiririko wa matukio, kukisia kitakachofuata na kuuliza kwa nini. Stadi hizo huhama naye anapojifunza Kiswahili. Njia iliyo sahihi ni kuitumia kikamilifu lugha ambayo mzazi anaimudu, na kumzoesha mtoto Kiswahili hatua kwa hatua kupitia nyimbo, vitendawili na mazungumzo na majirani.

Changamoto nyingine ni runinga na simu janja. Vyombo hivi vimekuwa walezi wa muda katika nyumba nyingi, na baadhi ya wazazi huamini kuwa katuni za kufundisha herufi ni sawa na darasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaelekeza kuwa mtoto mwenye umri wa kati ya miaka miwili na minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba muda ukiwa mfupi zaidi ni bora. Tunalo pia funzo letu wenyewe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, hadi wanafunzi wa awali na msingi waliporejea Juni 29 mwaka huo, vipindi vya masomo vilirushwa kupitia redio na runinga. Mwanafunzi mkubwa aliweza kuvifuatilia mwenyewe. Mtoto mdogo alihitaji mtu mzima wa kukaa kando yake, kumuuliza alichosikia na kumjibu.

Ni vyema kutambua kuwa kaya hazilingani. Kuna mzazi anayeondoka nyumbani alfajiri na kurejea usiku, na mtoto hubaki na dada wa kazi au na kaka yake mwenye umri wa miaka minane. Kwa kaya ya namna hii, dakika kumi na tano za uhakika kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumapili moja kwa mwezi. Anayebaki na mtoto naye ahusishwe, aelezwe nini cha kuzungumza na kucheza naye. Jukumu hili lisiachwe kwa akina mama pekee, kwani baba anayehesabu na mwanawe nguzo za umeme wakiwa njiani kwenda dukani anafundisha pia.

Kwa upande wake, Serikali imeendelea kupunguza umbali kati ya nyumba na darasa. Elimu bila ada katika shule za umma, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, inahusisha pia darasa la awali. Kupitia fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, ulipangwa ujenzi wa madarasa 15,000, ambapo 3,000 yalielekezwa katika vituo shikizi vinavyowasaidia watoto wanaoishi mbali na shule mama. Mwaka 2023, Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne, hatua iliyobeba ujumbe kwamba mtoto wa umri huo anapaswa kulala kwao na kulelewa na familia yake.

Kazi bado ipo. Kiwango kinachokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali, na yapo maeneo ambako idadi halisi inazidi kiwango hicho. Katika darasa lililojaa, mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto kwa kiwango kilekile, na anayeumia zaidi ni yule asiyekuwa na mtu wa kumsikiliza nyumbani. Hii ndiyo sababu malezi ya nyumbani ni suala la usawa: yakiachwa kwa wazazi wenye uwezo na elimu pekee, pengo kati ya watoto litakuwa limeshafunguka kabla ya kengele ya kwanza kugongwa.

Hata hivyo, mafunzo ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule. Mtoto anahitaji wenzake wa kugombania mpira na kupatana nao, na anahitaji mwalimu mwenye taaluma anayeweza kugundua tatizo la usikivu, uoni au usemi ambalo mzazi amelizoea. Mzazi anayeona mtoto wake anachelewa kuzungumza au haitikii anapoitwa, asisubiri umri wa kwenda shule. Ampeleke kituo cha afya mapema, na kwa mtoto mwenye ulemavu awasiliane na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kumwandikisha mtoto darasa la awali anapofikia umri, wakiwa na cheti chake cha kuzaliwa, na kufuatilia matangazo ya uandikishaji katika ofisi za mtaa, kijiji au kata. Wenye watoto ambao hawajafikia umri huo wanaweza kuanza leo, kwa kuzungumza nao, kuwasimulia, kuhesabu pamoja nao na kuwaacha wacheze.